Je, Wajua? Zebaki na Ghadhabu za Mchimbaji

Je, wajua ya kuwa neno "mwalo", ambalo kwa mvuvi wa Nkome, mkoani Geita, ni pahali pa kuegesha mitumbwi na kuanika dagaa, kwa mchimbaji wa dhahabu wa mkoa huo huo ni pahali pa kuchenjulia mchanga uliosagwa na karasha? Katika mwalo huu wa pili zebaki, ambayo jina lake tumelipokea kwa Waarabu, aghalabu huchanganywa na mchanga kwa mikono mitupu mpaka lipatikane donge la kijivu la zebaki na dhahabu, dogo kama njugu, likawekwa juu ya makaa. Na maadamu zebaki huchemka kwa nyuzi 357 za Selsiasi, hupaa kuwa mvuke usioonekana wala kunuka, ukaingia mapafuni na hatimaye ubongoni.

Aliyeuvuta kwa miaka, mikono humtetemeka, usingizi humpaa, akashikwa na haya isiyo na sababu na ghadhabu za ghafula, hata jirani zake wakadhani kuwa hiyo ndiyo khulka yake. Watengeneza kofia wa Uingereza ya karne ya 19, waliotumia zebaki kwa kuandalia manyoya, walisibiwa vivyo hivyo.

Si zebaki pekee iathiriyo tabia; chakula nacho kina taathira: utafiti uliotangazwa mwaka 2002 ulionyesha ya kuwa wafungwa vijana wa Aylesbury, Uingereza, waliopewa vitamini, madini na mafuta maalumu, yakiwamo ya samaki, walivunja kanuni za gereza kwa uchache wa asilimia 26 hivi kuliko wenzao waliopewa vidonge vitupu. Mafuta ya jamii hiyo yamo katika dagaa wa Nkome, ambao bei yao, alhamdulillahi, haijafika ya dhahabu.