Manga ya Japan yapima ukimya wa ndugu

KATUNI za Kijapani, ziitwazo manga, zimekuwa zikisimulia mapenzi ya watu wa jinsia moja tangu miaka ya 1970. Moto Hagio na Keiko Takemiya waliwachora wavulana wa shule za bweni za Ulaya, mbali na Japan, na mapenzi yao yaliishia msibani.

Gengoroh Tagame aliyarudisha nyumbani. Katika "Otouto no Otto", yaani "Mume wa Mdogo Wangu" (2014-2017), Mike kutoka Kanada anafika Japan kwa Yaichi, pacha wa marehemu mumewe.

Kwa kuwa mpenzi mmoja amekwisha kufa, uhusiano unaopimwa hapa ni wa ndugu. Mchoraji anatuonyesha Yaichi akifoka moyoni, kisha, katika mchoro unaofuata, amenyamaza kwa adabu. Binti yake, Kana, ndiye anayeuliza waziwazi.

Taratibu msomaji anatambua kwamba Yaichi hakumfukuza nduguye. Alinyamaza tu, wakatengana.

Kitabu hicho kilipata tuzo ya Eisner, Marekani, mwaka 2018. Nguvu yake imo katika kuuchora ukimya huo hata ukaonekana kuwa kosa.