Chupa Ina Mnunuzi, Ganda la Ndizi Je?

Ukitaka kujua kama mradi wa taka wa mtaa wako utadumu, uliza swali moja: mabaki ya chakula yanakwenda wapi? Ukianza kuelezwa habari za chupa, ujue kazi bado. Katika miji yetu, Dar es Salaam, Nairobi au Kampala, zaidi ya nusu ya uzito wa taka ni vitu vinavyooza: maganda, ukoko wa ugali, mboga zilizonyauka, majani ya migomba. Chupa za maji, zile zinazopigwa picha na viongozi Jumamosi ya usafi, ni sehemu ndogo tu ya uzito huo.

Kutangulia kwa chupa kunaeleweka, kwa sababu ina mnunuzi. Lakini hata biashara hiyo ni nyembamba kuliko inavyodhaniwa. Chupa tupu ya nusu lita ina gramu 10 hadi 20, kwa hiyo kilo moja ni chupa kati ya 50 na 100, na muokotaji hulipwa kwa kilo. Simama kwenye godauni la kununulia uone kazi inavyokwenda. Kabla kiroba hakijapanda kwenye mzani, mnunuzi huchomoa chupa moja mle katikati na kuipindua, maana wapo wanaoacha maji au mchanga ndani ili uzito uongezeke. Zisizo na rangi huwekwa upande wake, za kijani upande mwingine kwa bei ya chini, kwani plastiki iliyotiwa rangi hairudi kuwa angavu. Kisha zinasagwa kuwa chenga na kumwagwa kwenye tangi la maji. Chenga za chupa huzama na za vizibo huelea, kwa kuwa ni plastiki mbili tofauti, na mfanyakazi huvikomba vizibo juu kama anayeengua povu. Ujanja huo hausaidii chochote kwa mchuzi wa maharage uliokaukia ndani ya chupa. Huo hutaka maji ya moto, dawa na muda, na gharama yake hukatwa kwenye bei ya yule aliyeokota.

Kwa hiyo ganda la ndizi na chupa ni kesi moja. Chupa iliyotiwa kiroba kimoja na mabaki ya chakula hupoteza thamani kabla haijavuka geti la nyumba. Boksi na karatasi ndizo zinazoumia zaidi, maana zikishalowa mchuzi hakuna azitakaye.

Tena kuna suala la lori. Kiasi kama robo tatu ya uzito wa mabaki ya jikoni ni maji, kwa hiyo halmashauri inachoma dizeli kubeba maji kutoka mtaani hadi dampo nje ya mji. Yakifika huko na kufukiwa pasipo hewa, mabaki hayo hutoa gesi ya methani, ambayo kwa kipimo cha miaka 100 hunasa joto takriban mara 28 zaidi ya hewa ya ukaa. Lundo lenyewe nalo hulainika kwa ndani. Agosti 2024 dampo la Kiteezi, nje ya Kampala, liliporomoka baada ya mvua kubwa likafunika nyumba za jirani, na watu zaidi ya 30 wakafa. Dampo hilo lilikuwa limejaa kupita kiasi kwa miaka, na waliokaa chini yake walilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote.

Suluhisho linalotajwa kila mara ni kutenganisha taka nyumbani. Sawa, lakini miradi mingi hufia hapohapo. Mama mwenye nyumba anaweka ndoo mbili, moja ya vinavyooza na nyingine ya vikavu, halafu gari linakuja linamwaga zote pamoja mbele ya macho yake. Wiki inayofuata ndoo moja imerudi bafuni. Nami simlaumu. Katika kata ya Bonyokwa, Dar es Salaam, shirika la Nipe Fagio lilianzia upande wa pili: wakusanyaji wenyewe wakajiunga kwenye ushirika, wanachukua taka zilizotenganishwa mlangoni na kuzipeleka kwenye kituo cha hukohuko kwenye kata. Mkusanyaji anayekujua, na ambaye kipato chake kinategemea ndoo yako kuwa safi, anakufundisha kutenganisha vizuri kuliko bango lolote.

Korea Kusini ilikwenda mbali zaidi. Mwaka 2005 ilipiga marufuku kufukia mabaki ya chakula, na kuanzia 2013 kaya zikawa zinalipa kulingana na kiasi cha mabaki zinachotupa. Kwetu ada ya taka kwa kawaida ni moja kwa nyumba nzima, utupe kiroba kimoja au vitano.

Tuseme basi mabaki yametengwa. Yafanywe nini? Jibu la haraka ni mboji, na hapo ndipo hesabu huwashinda wengi. Mfuko wa kilo 50 wa urea una kilo 23 za naitrojeni. Mboji huwa na asilimia moja hadi mbili tu, kwa hiyo kupata naitrojeni hiyohiyo mkulima anahitaji kati ya tani moja na tani mbili na ushei. Mboji ina faida ambazo urea haina, kwa maana inashika maji na kurudisha uhai wa udongo, lakini nauli ya kuifikisha shambani inaweza kuzidi bei yake, tena ikishindana na mbolea ya ruzuku. Ikiwa na vipande vya vioo na nailoni ndani, mkulima hanunui mara ya pili. Kiwanda cha mboji cha Mabwepande, Dar es Salaam, kilichojengwa na Manispaa ya Kinondoni kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, kililenga taka za masoko, na naona huo ndio uamuzi sahihi.

Njia inayonivutia zaidi siku hizi ni ya mabuu ya nzi weusi. Hula mabaki kwa muda wa wiki mbili hivi, kisha hukaushwa na kuwa chakula cha kuku na samaki. Hapo bidhaa inashindana na dagaa na soya, vitu vyenye bei nzuri, na si na urea.

Pampasi na karatasi za biskuti hazina mnunuzi wala mdudu wa kuzila. Hizo alipie anayeziingiza sokoni, kama Kenya ilivyoweka katika sheria yake ya taka ya 2022. Wazo hilo si geni kwetu: kreti ya soda za chupa ya kioo imetuzoesha tangu zamani kwamba chombo hurudi kwa mwenyewe.

Ningepewa kata moja na bajeti ndogo, nisingeanza na kampeni ya nyumba kwa nyumba. Ningeanza na soko. Katika soko la Mabibo, Dar es Salaam, pale wanapopaita Mahakama ya Ndizi, sehemu kubwa ya taka ni majani, mikungu na maganda, na katika masoko mengi wafugaji huja na magunia kuchukua maganda ya ng'ombe wao bila kusubiri semina. Tengeni eneo lenye sakafu, mlinzi wa kuzuia nailoni, na mkataba na mfugaji wa mabuu au mtengeneza mboji aliye karibu. Gari la kwenda dampo libebe kinachobaki.