Goma: Mkojo wa paka kwenye tapi, kwa nini javeli si dawa

Katika nyumba nyingi za Goma, paka anafugwa kwa kazi: kukamata panya. Lakini siku anapokojoa kwenye tapi ya saloni, mgeni anasikia harufu kabla hajakaa, na mwenye nyumba anakimbilia chupa ya javeli.

Tabia hiyo ina historia. Kipindupindu kilipoua maelfu ya wakimbizi mwaka 1994, na Ebola ilipofika Goma Julai 2019, klorini ilikuwa kinga yetu. Ni kweli inaua vijidudu. Ila juu ya mkojo wa mnyama, inaleta hatari nyingine.

Mkojo ukikaa, bakteria wanageuza urea iliyomo kuwa amonia, ile harufu inayochoma pua. Javeli ikikutana na amonia inatoa gesi ya kloramini, inayowasha macho na koo na kuumiza mapafu. Katika chumba kidogo kilichofungwa, mtoto au mgonjwa wa pumu anaweza kuzidiwa. Kuchanganya javeli na vinegre ni hatari pia, maana hapo inatoka gesi ya klorini. Ikiwa umeshamwaga, fungua madirisha na utoe watu nje kwanza.

Maji peke yake nayo hayatoshi. Mkojo wa paka una asidi yuriki, ambayo haiyeyuki kirahisi kwenye maji. Inabaki ndani ya nyuzi kama chembe ndogo, na mvua ikinyesha, unyevu unaamsha harufu upya.

Basi ufanye nini? Mkojo ukiwa bado mbichi, kandamiza kwa kitambaa kikavu mpaka kisinyonye tena. Usisugue, maana unausukuma chini. Mwagia maji baridi kidogo, kandamiza tena. Kisha changanya kipimo kimoja cha vinegre nyeupe na kimoja cha maji, ujaribu kwanza kwenye pembe isiyoonekana, halafu ulowanishe doa. Subiri dakika 15, kausha kwa kitambaa, nyunyiza bikarbonati na uiache usiku kucha. Asubuhi kung'uta, kisha anika tapi juani, pande zote mbili, mpaka ikauke kabisa.

Kazi hii haimalizi hata nusu ya bidoni ya litre 20, jambo kubwa katika mji ambao watu wapatao nusu milioni walikosa maji baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa Mei 2021. Kwa doa la zamani, dawa bora ni ile yenye enzimu, kwa sababu inavunja asidi yuriki yenyewe. Soma maandishi ya pakiti.

Usisahau sakafu. Simenti na mbao zinanyonya mkojo. Tapi safi ikirudishwa juu yake, harufu inapanda tena. Na paka anarudi pale anaposikia harufu yake.

Mwisho, mtazame paka mwenyewe. Mwekee karai la mchanga mkavu, na uondoe uchafu kila siku. Lakini kama alikuwa na adabu na ghafla anakojoa ovyo, huenda anaumwa. Dume anayejikaza bila kutoa mkojo anaweza kufa kwa siku chache: mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyo hiyo.