Mteja akisema "waini imechacha": kabla hujarudisha hela

Wauza vinywaji mtandaoni, hii ni yenu, hasa nyie mlioanza kuweka waini nyekundu za Ufaransa kwenye status. Ile chupa ya lebo nyeupe yenye picha ya nyumba ya kizamani na jina la familia, mteja analipia chap kwa sababu inapendeza kwa zawadi. Kesho yake meseji inaingia: "Dada hii imechacha, inakaba mdomo, naomba hela yangu." Chupa imeshafunguliwa, huwezi kuiuza tena, na faida ya chupa nyingine mbili tatu inaondoka nayo.

Mara nyingi waini hiyo haina tatizo. Ni kavu tu. (Na tukiongea ukweli, waini zote zimechachushwa, ndivyo zinavyotengenezwa.)

Wateja wetu wengi wamezoea utamu. Mtu ameanzia kwenye Dompo ya Dodoma, anategemea kila nyekundu iwe hivyo. Sasa nyekundu za Ufaransa karibu zote ni kavu, maana sukari ya zabibu imegeuka kilevi wakati wa kuchachuka. Wala usitegemee lebo ikuambie, kwa sababu kwao ukavu ndiyo kawaida, hawaoni haja ya kuuandika. Juu ya ukavu kuna ukakasi. Huo unatoka kwenye maganda na mbegu, kwa sababu waini nyekundu huchachushwa pamoja na maganda yake, na rangi inatoka hukohuko. Ni ukakasi uleule wa bibo la korosho, au chai ya rangi iliyokaa na majani muda mrefu. Kwa hiyo kwenye tangazo andika wazi: "Hii ni kavu, haina sukari, ina ukakasi, inapendeza na nyama choma." Anayetaka tamu atakuuliza kabla hajalipa, umpe nyingine.

Ila usimwambie mtu kwamba ya Dodoma tamu, ya Ufaransa kavu. Dodoma wanatengeneza kavu pia, na zabibu nyekundu inayojulikana sana kule inaitwa Makutupora, jina la sehemu yenye kituo cha utafiti wa zabibu. Soma kila chupa kivyake.

Sasa kuna waini iliyoharibika kweli, na hapo mrudishie mteja hela bila mabishano. Mwombe akutumie picha ya kizibo na akueleze harufu. Harufu kali ya siki maana yake hewa iliingia. Harufu ya boksi lililolowana na kuvunda, kizibo chenyewe ndicho kibovu, hilo limetokea huko ilikotoka na si kosa lako wala lake. Kizibo kilichosukumwa juu, waini imevujia pembeni, ladha kama jamu iliyopikwa: hilo ni joto. Unga mweusi chini ya chupa sio ubovu, ni mashapo. Mwambie aisimamishe chupa itulie, amimine taratibu.

Joto ndilo adui yetu mkubwa hapa mjini. Fremu ya Kariakoo yenye bati juu, mchana wa Februari, inazidi nyuzi 30 kirahisi, na chupa ikikaa humo wiki kadhaa inaharibika kimyakimya. Nzuri ni sehemu yenye giza na ubaridi usiobadilika badilika, chini kabisa, mbali na ukuta unaopigwa jua. Chupa za kizibo cha mti zilaze, za mfuniko wa kuzungusha simamisha tu. Chupa nzuri kuipanga dirishani ipate kuonekana ni kuipika. Bodaboda wa kwenda Bunju saa saba mchana naye ni hivyohivyo, peleka asubuhi au jioni. Mzigo wa Dodoma ukija kwenye buti la basi, usiuache stendi hadi kesho.

Halafu kuna ule ushauri kwamba nyekundu inywewe kwenye joto la chumba. Chumba wanachosema ni cha Ulaya, nyuzi 16 hadi 18 hivi. Sio sebule ya Buguruni. Mwambie mteja aweke kwenye friji kama nusu saa kabla ya kufungua, kilevi hakitampanda puani na ladha itakuwa nzuri zaidi.

Kuhusu hilo neno "shamba la familia" mnaloliweka kwenye matangazo. Kwenye chupa ya Ufaransa tafuta maneno "mis en bouteille au château" au "à la propriété", yaani imejazwa hukohuko shambani. Hayapo? Usiandike kwamba familia ndiyo imejaza. Na "Grand Vin de Bordeaux" sio daraja la ubora, mzalishaji anaweza kujiandikia tu. Dodoma utaratibu ni mwingine, wakulima wengi wadogo wa Hombolo, Mpunguzi na Chinangali huuza zabibu au mchuzi wa zabibu kwa viwanda. Hadithi hiyo nayo inauza, ila iseme kama ilivyo.

Angalia pia mwaka. Huko Ufaransa mvua na jua vya mwaka husika vinabadilisha ladha, kwa hiyo picha ya chupa ya 2018 ukimpelekea mtu ya 2021, umempa kitu kingine. Mzigo mpya ukifika, piga picha upya.

Ukipiga hiyo picha, stempu ya TRA ionekane. Mteja anaweza kuihakiki kwa programu ya Hakiki Stempu kwenye simu yake. Chupa isiyo na stempu, hata uuziwe kwa bei ya kutupa, iache hukohuko. Na leseni ya vileo ya halmashauri inakuhusu hata kama duka lako lote ni simu.