Kuzibuliwa Mishipa ya Miguu Bila ya Kupasuliwa

Katika toleo hili tumeona tuwaeleze tiba ambayo wengi wetu hatujaisikia, ingawa maradhi yenyewe tunayo majumbani.

Huenda umemwona babu akielekea msikitini, kila baada ya hatua kadhaa husimama akajifanya anasalimia watu, kisha akaendelea. Akiulizwa husema ni uzee. Pengine si uzee. Mguu unaotembea huhitaji damu nyingi, na mshipa ulioganda mafuta na chokaa ndani yake hauwezi kuipitisha. Basi shavu la mguu huuma, na akipumzika dakika chache maumivu huondoka. Wavutaji sigara na wenye kisukari ndio wapatwao zaidi. Tena mwenye kisukari, kwa sababu ya ganzi ya miguu, huenda asihisi lolote mpaka apate kidonda kisichopona.

Zamani dawa ilikuwa kisu tu: kupasua, au kuukata mguu. Tarehe 16 Januari 1964, mjini Portland, Marekani, daktari wa eksirei Charles Dotter aliletewa bibi wa miaka 82. Vidole vyake vilikwishaanza kuoza, naye alikataa katakata kukatwa mguu. Dotter alitoboa mshipa kwa sindano, akapenyeza waya mwembamba hadi ng'ambo ya pale palipobana. Juu ya waya akapitisha mrija, na juu ya mrija huo mwengine mnene zaidi, mpaka njia ikapanuka. Mguu ukapata joto. Bibi yule aliishi zaidi ya miaka miwili akitembea kwa miguu yake mwenyewe.

Ajabu ni kuwa wapasuaji wengi wa kwao hawakuijali kazi hiyo. Aliyeiendeleza ni Andreas Grüntzig, mjini Zurich, Uswisi, ambaye mwaka 1974 alitumia puto. Puto huingizwa likiwa limenywea, kwa kawaida kupitia kinenani palipotiwa dawa ya ganzi, kisha hujazwa maji likayakandamiza mafuta ukutani mwa mshipa. Pengine huachwa humo kibomba cha wavu wa chuma ili usijifunge. Wagonjwa wengi hurudi nyumbani siku hiyo hiyo au ya pili yake.

Si kila mshipa hufaa kwa puto. Ulioziba sehemu ndefu huenda ukahitaji upasuaji. Na uliozibuliwa huweza kuziba tena, khasa kwa asiyeacha sigara.

Kipimo cha kwanza ni chepesi, wala hakichomi. Daktari hulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Ya mguu ikiwa chini ya sehemu 9 katika 10 za ile ya mkono, damu haifiki sawasawa.