Masikio ya mbwa: kwa nini mengine yanasimama, mengine yanaanguka?

Tembea Mangobo ao Kabondo: mbwa wengi wa kwetu wako na masikio ya kusimama. Hata basenji, mbwa wa kuwinda wa misitu ya Congo anayejulikana kwa kutobweka, ni hivyo.

Kinachosimamisha sikio ni gegedu, ule mfupa mulaini unaousikia ukishika sikio lako mwenyewe. Likiwa gumu, sikio linasimama. Likiwa laini, ao sikio likiwa kubwa na zito, linaanguka. Mbwa anarithi hayo kwa wazazi wake. Mtoto wa berje anazaliwa masikio yamelala. Mara nyingi yanasimama akifikia miezi 4 mpaka 6. Usiyavute, usiyakate.

Sikio la kuanguka linafunika tundu, hewa haipiti vizuri. Na hapa Kisangani, joto na mvua haviishi: unyevu ukibaki ndani, kuvu na mikrobu vinaongezeka. Lakini la kusimama pia linaugua, kwani utitiri na kupe haviangalii umbo.

Angalia alama hizi: anatikisa kichwa, anajikuna, sikio linanuka, linatoa usaha ao uchafu mweusi kama unga wa kahawa. Usimwangie petroli wala mafuta ya moto, na usisukume kijiti ndani. Unaweza kupasua ngoma ya sikio. Mpeleke kwa munganga wa nyama mapema. Akitoka kuoga mtoni ao kunyeshewa, mpanguse masikio kwa kitambaa kikavu. Hiyo haiombi franka hata moja.