Povu Gumu Halikingi Chungu

Msafirishaji wa vyombo vya udongo huogopa sana nafasi tupu ndani ya boksi, na hofu hiyo ndiyo humpeleka duka la vifaa vya ujenzi kununua povu la kopo, lile la kuzibia mianya ya madirisha. Litavimba, litajaza kila pembe, chungu hakitacheza. Kutocheza ni jambo jema, lakini kinachovunja chungu hasa ni kusimamishwa ghafla. Boksi likianguka kutoka mita 1 hufika chini kwa mwendo wa takriban kilomita 16 kwa saa. Mwendo huo ukimalizwa ndani ya sentimita 5 za kitu laini, chungu hukabiliwa na nguvu ya kama mara 20 ya uzito wake. Ukimalizwa ndani ya milimita 2, ni kama mara 500. Udongo uliochomwa huvumilia kubanwa, ila kuvutwa na kupindwa huushinda upesi, ndiyo maana ufa hupenda kuanzia shingoni, kwenye mkono au kwenye ukingo mwembamba.

Povu la kopo likikauka huwa gumu, halibonyei, kwa hiyo mshtuko hupita moja kwa moja hadi kwenye chombo. Tena hukauka kwa unyevu wa hewa: lifungie ndani ya nailoni na sehemu ya katikati itabaki mbichi kwa muda mrefu, ikiendelea kuvimba na kusukuma. Ukilipulizia ndani ya chungu ndiyo balaa zaidi, kwa kuwa linausukuma udongo kwa nje, upande ule ule ambao ni mdhaifu. Na likigusa udongo wenyewe linanata. Magdalene Odundo, mfinyanzi aliyezaliwa Nairobi mwaka 1950, husugua vyombo vyake hadi ving'ae bila kuvipaka tabaka la kioo. Kwenye uso wa namna hiyo povu lililokauka haliondolewi na asetoni, litakwanguliwa, na mng'ao utaondoka nalo.

Povu la kufungashia ni la aina nyingine: vimiminika viwili huchanganywa ndani ya mfuko wa plastiki, huvimba kwa sekunde chache na kukauka bila kuhitaji hewa. Chagua la daraja laini. Funga chombo kwa karatasi laini, kisha nailoni. Tandaza mfuko wa kwanza chini ya boksi, na ungali unavimba ukilaze chombo juu yake taratibu, pasipo kukikandamiza, kijichoree umbo lake. Mfuko wa pili ufuate juu. Acha angalau sentimita 5 kila upande, kisha boksi hilo liingie katika boksi kubwa zaidi lenye mto wake. Kazi ifanyike penye hewa, kwa glavu, maana kemikali iitwayo isosianeti iliyomo hudhuru mapafu na ngozi.

Atakayesema nyasi kavu zimefanya kazi hii tangu zamani hajakosea. Kwangu mimi nyasi ni bora kuliko povu la kopo. Udhaifu wake ni kwamba mtetemo wa lori huzishindilia, na baada ya safari ndefu pengo hufunguka juu ya chungu. Kama bei ya povu la mifuko inakushinda, kata sponji la godoro ulichonge kwa umbo la chombo. Nalo ni plastiki ya poliyuretani kama mapovu hayo mawili, ila ni laini, na fundi wa magodoro yeyote anaweza kukukatia.